Yaliyopita si ndwele? Mimi nesi nakataa!

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenikaba koo, lakini leo nimeamka na jambo rohoni na lazima nilitoe. Atakayekasirika na akasirike, nitamwomba radhi nikija likizo.

Wiki iliyopita Mjomba alinipigia simu kutoka Muheza. Mjomba shikamoo, maana najua vijana watakusomea hii. Habari yenyewe ilikuwa ya kijana wetu mmoja aliyeko huku Marekani (simtaji, wala sisemi yuko jimbo gani) ambaye alikamatwa barabarani, akapelekwa mahakama ya kaunti moja ya shamba, na kesi ikaisha. Kikao cha ukoo kimekaa na kuamua kwamba jambo hilo lifukiwe, lisizungumzwe tena, na mimi niache kumsumbua kijana kila siku eti aende akachukue nakala za kesi yake. Mjomba akaniambia, "Mwanangu, yaliyopita si ndwele. Mbona unamfukulia mwenzio kaburi?"

Mjomba, kwa heshima zote, NAKATAA. Ndwele ni maradhi, na maradhi ndiyo yanayonilisha. Mgonjwa akiletwa wodini kwangu, la kwanza tunalomuuliza ni hayo hayo yaliyopita: uliwahi kulazwa, ulipasuliwa wapi, dawa gani ilikudhuru? Akificha, tunaweza kumuua kwa dawa nzuri kabisa. Na wahenga hao hao mnaowatumia kuninyamazisha ndio waliosema mficha maradhi kifo humuumbua.

Basi msimamo wangu ni huu, na narudia nisieleweke vibaya. Mtu wetu yeyote aliyewahi kukamatwa huku, hata kwa jambo dogo, hata kama kesi ilifutwa, AKACHUKUE nakala ya faili lake yenye mhuri wa mahakama kabla hajajaza fomu yoyote ya uraia, ya kazi wala ya leseni. Na ninyi huko nyumbani mwache kumzuia kwa sababu ya aibu. Aibu yenu inatugharimu sisi huku.

Sasa niwape kisa, na mwenyewe ameniruhusu, tena amesema niandike yote. Mnamkumbuka mtoto wa mama mdogo aliyeshinda bahati nasibu ya grinikadi akaja huku 2011? Mwaka 2014 alikwenda kubeba boksi kwenye visima vya mafuta, huko magharibi ya Texas, ng'ambo ya Odessa. Siku moja dukani akapita mlangoni na buti za kazi na vifaa ambavyo hakuvilipia. Ndiyo, ni wizi, neno ndilo hilo, tusilipake sukari. Alikamatwa, akalala ndani siku mbili, akapelekwa mahakamani, wakili wa kupewa akaongea naye dakika kama kumi kwenye korido, akakubali kosa, akapigwa faini, akawekwa chini ya uangalizi miezi sita. Akamaliza salama, na jaji akaifuta kesi.

Mtaani, maana hata huku tuna vijiwe vyetu, akaambiwa mambo mawili. La kwanza, kesi imefutwa, kwa hiyo ukiulizwa kama uliwahi kukamatwa jibu hapana. La pili, usisafiri, ukirudi watakuzuia uwanja wa ndege na kukurudisha kwenu. Yote mawili aliambiwa na watu ambao hawakuwahi kuliona faili lake. Wala yeye mwenyewe hakuwa amelisoma.

Mwaka 2016 miaka mitano ya kusubiri uraia ilipotimia, hakuomba, akaogopa. Mwaka 2019 mama mdogo akafariki. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa msibani? Kwamba mtoto amelewa Marekani, hana utu, ameshindwa hata kuja kumzika mama yake mzazi? Wengine mlimpigia mkamwambia hivyo hivyo masikioni. Yeye alikuwa kwangu, kwenye kochi langu sebuleni, analia siku tatu hali chakula. Hakuja kwa sababu aliogopa kwamba akitoka nchini hatarudi. Na hakuwaambia kwa sababu ukoo ulishaamua kwamba ile habari isitajwe.

Miaka mingine ikapita hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2024 nikamwambia basi, hili jambo tulimalize. Tukaanza kwa ujinga, kwenye intaneti. Kuna tovuti kibao huku zinazokuahidi historia ya jinai ya mtu yeyote kwa sekunde chache. Nikalipa dola 39 kwa mojawapo. Ikaniletea jina lake, anwani tatu ambazo mbili hajawahi kuishi, na mstari mmoja: wizi, kosa dogo la daraja A, mwaka 2014. Ilivyoisha? Hakuna. Imefutwa, haijafutwa? Hakuna. Dola 39 hizo!

Hapa niwaeleze kidogo, maana nyumbani mnadhani Marekani yote imo kwenye kompyuta moja. Haimo. Kesi za serikali ya shirikisho zina mfumo wao unaoitwa PACER, unalipa senti 10 kwa ukurasa, lakini kesi ya wizi wa buti haimo humo, maana ni kesi ya jimbo, na jimbo limezigawa kwa kaunti. Texas peke yake ina kaunti 254. Nyingine zina watu mamilioni. Nyingine, kama Loving County, sensa ya 2020 ilihesabu watu 64 tu, watu wa harusi moja ya kwetu, na bado ni kaunti kamili yenye mahakama yake na kumbukumbu zake. Kaunti za mijini nyingi zimeweka faharisi zao kwenye intaneti. Huko shamba mara nyingi faili liko kabatini, na ukilitaka inabidi umwombe karani.

Na karani yupi? Huko Texas makosa makubwa ya jinai yanakaa kwa karani wa mahakama ya wilaya. Makosa madogo ya daraja A na B kwa kawaida yako kwa karani wa kaunti. Yale ya faini tupu, daraja C, yako kwa hakimu wa amani au mahakama ya mji. Kwenye kaunti ndogo nyingi mtu mmoja anashika kofia mbili, karani wa wilaya na wa kaunti. Polisi na sherifu hao wana habari za kukamatwa tu. Ukitaka kujua jambo liliishaje, nenda mahakamani. Hili watu wetu hawalijui, wanakwenda kwa sherifu, wanapewa karatasi ya kukamatwa, wanaibeba kama ndiyo kesi yenyewe.

Machi 2024 nikachukua siku zangu mbili za mapumziko nikaendesha saa sita kutoka Dallas. Peke yangu, maana yeye alikataa kabisa kukanyaga mji ule. Jengo la mahakama liko katikati ya mji, nje kuna mti na benchi. Ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana, nikakaa kwenye benchi nangoja. Saa saba ikafunguliwa. Mama mmoja mtu mzima, miwani imening'inia shingoni, akaniuliza: jina nani, mwaka gani? Basi! Hakuniuliza mimi ni nani wake, nataka ya nini, nani kanituma. Nilikuwa nimejiandaa na hotuba nzima, ikabaki mdomoni.

Na hapo pia nataka muelewe. Ile haikuwa huruma ya mama yule, ni haki. Watu wengine wanaandika barua wakitaja sheria ya uhuru wa habari ya 1966. Ile ni ya ofisi za serikali kuu ya shirikisho, haizihusu mahakama. Na sheria ya Texas ya habari za umma nayo imeziacha mahakama nje. Haki ya kuona faili la mahakama ni ya zamani zaidi, inatoka kwenye sheria ya mapokeo waliyoirithi kwa Waingereza, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliitambua mwaka 1978 kwenye kesi ya Nixon dhidi ya Warner Communications. Ina mipaka yake, kwa mfano kesi za watoto zimefungwa, na faili ambalo jaji ameamuru lifungwe hulipati. Lakini faili la kawaida la mtu mzima ni la umma, na huhitaji kueleza sababu.

Mama akatafuta. Hakuna kitu! Moyo ukanidunda. Nikamwambia jaribu jina la kati, maana sisi tuna majina matatu, la kwako, la baba na la babu, na wao hawajui lipi ni la ukoo. Hakuna. Nikamwambia jaribu kukosea. Jina la babu yetu linaanza na Mw. Akajaribu Nw, na hapo hapo likatoka. Miaka 10 ndugu yangu amekaa kwenye kitabu chao kwa herufi ya watu wengine! Kwa hiyo sikilizeni: ukiambiwa huna rekodi, usishangilie. Jaribu majina yote matatu, yapindue, yaandike kwa makosa, toa tarehe ya kuzaliwa, na kama unayo namba ya shauri iliyoko kwenye karatasi ya dhamana, toa hiyo kwanza.

Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na faili jembamba. Kurasa 7. Dola 1 kwa kila ukurasa na dola 5 za kuthibitisha kwa mhuri, jumla dola 12. Nikasoma pale pale nimesimama.

Mashtaka ya kwanza yalikuwa daraja A kweli, kama tovuti ilivyosema, kwa sababu sherifu alikadiria mali kuwa zaidi ya dola 500. Lakini ukurasa wa tatu mwendesha mashtaka amepunguza thamani, na kosa alilokubali ni daraja B. Herufi moja tu. Mtaniuliza ina maana gani? Daraja A kifungo chake cha juu ni mwaka mmoja. Daraja B ni siku 180. Na sheria ya uhamiaji inasema mwenye grinikadi akifanya kosa la aina ya wizi ndani ya miaka mitano tangu aingie, na kosa hilo linaweza kupewa kifungo cha mwaka mmoja au zaidi, anaweza kufukuzwa nchini. Yeye aliingia 2011, kosa ni la 2014. Kwa daraja A angekuwa kwenye mdomo wa mamba. Kwa B hayumo.

Na kulikuwa na jambo la pili. "Kufutwa" kwake kulikuwa ni ile hukumu ya kiporo. Unakubali kosa, jaji anaahirisha kukutia hatiani, ukitulia muda wako anaifuta. Kwa macho ya Texas hujatiwa hatiani. Kwa macho ya uhamiaji, tangu sheria ya 1996, ukishakubali kosa na jaji akakupa adhabu yoyote au kizuizi chochote, UMETIWA HATIANI, hata kesi ikifutwa baadaye. Yaani ushauri wa kijiweni kwamba ajibu hapana ungemmaliza. Fomu ya uraia inauliza kama uliwahi kukamatwa, hata kama rekodi imefungwa au imefutwa, na wanataka nakala iliyothibitishwa na mahakama. Buti wangeweza kumsamehe, lakini uongo chini ya kiapo ni shimo jingine kabisa.

Tukapeleka zile kurasa 7 kwa wakili wa uhamiaji. Akasoma kama dakika tano. Akasema kesi ni moja, kosa dogo, kifungo cha juu hakifiki mwaka, sheria ina msamaha wa makosa kama hayo. Aombe uraia, aseme ukweli wote, aambatishe karatasi. Mdogo wangu akamuuliza swali moja tu: mwaka 2019 ningeweza kwenda kumzika mama yangu? Wakili akanyamaza kidogo. Akasema, "Kwa karatasi hizi, naamini ungekwenda ukarudi."

Sina la kuongeza hapo. Dola 12, jamaa zangu.

Februari 2025 aliapa uraia. Wale mliomwona Agosti 2025 amepiga magoti makaburini, akawa hataki kuinuka mpaka magharibi, sasa mnajua alikuwa analia nini.

Najua mtakayosema. La kwanza, kwamba rekodi wazi ni balaa lenyewe, zinawaumiza masikini, weusi na wageni. Ni kweli, sibishi! Zile tovuti zinaokota mstari mmoja na kuuza miaka nenda rudi. Lakini ukikaa kimya faili halifungwi. Mwenye nyumba ameshalinunua, mwajiri ameshalinunua, ofisa wa uhamiaji analo. Asiyelisoma ni mwenye kesi peke yake. Na ukiwa na nakala yenye mhuri unaweza kupigana. Sheria ya mwaka 1970 inayosimamia kampuni za kuchunguza watu inakupa haki ya kupinga wanachoandika juu yako, na wao wana kawaida ya siku 30 kukichunguza upya. Utapinga na nini mkononi? Na neno la Mjomba?

La pili, kwamba kwenda mahakamani ni kujipeleka. Hofu hii siicheki. Mwaka 2025 maofisa wa uhamiaji wamekamata watu kwenye korido za mahakama, tumeona wote. Lakini si lazima mwenyewe aende! Mimi nilikwenda, sikuwa mhusika. Ama piga simu kwanza, halafu andika barua: jina kwa maandishi yote yanayowezekana, tarehe ya kuzaliwa, mwaka, namba ya shauri, na useme unataka hati ya mashtaka, hukumu au amri ya uangalizi, na amri ya kufuta kesi, zote zimethibitishwa kwa mhuri. Weka mani oda na bahasha yenye stempu na anwani yako. Kama faili limeharibiwa kwa kupita muda, omba barua ya karani yenye mhuri inayosema hivyo, nayo ni ushahidi. Na kama makaratasi yako hayajakaa sawa, mtume wakili, na usijaze fomu yoyote kabla hajasoma.

La tatu, kwamba mimi nesi, haya yananihusu nini? Yananihusu sana. Sisi manesi tunapigwa alama za vidole kabla ya leseni, na bodi ya uuguzi ya Texas iko kwenye orodha ya ofisi zinazoruhusiwa kuona hata kesi ambazo jaji ameamuru zifichwe kwa watu wengine. Mabinti zetu mnaowatuma huku kusomea unesi, waambieni hivyo mapema. Wasije wakamaliza chuo ndipo wakaumbuka kwa jambo walilokatazwa kulisema.

Na msidhani nawasema kama mtu aliyejifanya Mmarekani. Hata nyumbani hukumu za mahakama za juu siku hizi zinasomwa bure TanzLII, na ndugu akihukumiwa mahakama ya mwanzo anaweza kuomba nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi. Wangapi kwenye ukoo wetu waliwahi kuomba? Tunakaa na "inasemekana" miaka 20. Ile kesi ya shamba la babu kila mtu ana hukumu yake kichwani!

Kwa hiyo Mjomba, jibu langu la kikao ni hili. Yule kijana nimeshaongea naye jana usiku. Ameniambia kaunti, ameniambia mwaka. Barua nimeiandika mimi, yeye ameitia sahihi, Jumatatu inakwenda posta. Kama mlitaka nikae kimya mngenichelewesha kabla ya 2019. Sasa nimeshamwona mtu akizika mama yake kwa simu, na sitaki kumwona wa pili.

Mnilaumu mtakavyo, nawapenda wote. Mjomba, dawa zako za presha unakunywa? Usinifiche, nitauliza tena.

Ni mimi dada yenu, mbeba boksi wa wodini.